Miezi minne na huduma ya ujumbe na malipo inayoendeshwa na wakala wa akili mnemba: zana nzuri, maelezo yenye mapengo

Ofisi yetu ya vifurushi hapa Kampala hupokea mizigo inayosafiri kwa mabasi ya usiku kwenda Gulu na Arua, na kwa miezi minne sasa tumekuwa tukitumia huduma moja ya mtandaoni ya kutuma ujumbe mfupi na kupokea malipo ya simu, ambayo jina lake naliacha kando. Tuliichagua kwa sababu inaweza kuendeshwa na wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopokea agizo kwa lugha ya kawaida kisha ikajiamulia zana ya kutumia, yaani kazi moja moja ambayo huduma imeiruhusu kuifanya, kama kutuma ujumbe au kurejesha malipo. Simzungumzii yule ndugu yetu wa kibanda cha pesa za simu. Huduma yenyewe ni imara na katika muda huo haijazimika hata mara moja. Kilichonisumbua ni maelezo ya zana zake.

Zana hizo hutolewa kwa kufuata MCP (Model Context Protocol), itifaki huria, yaani utaratibu ulio wazi kwa wote wa kuunganisha programu za akili mnemba na zana za nje, iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic mnamo Novemba 2024. Kila zana humfikia wakala ikiwa na jina, maelezo mafupi na orodha ya taarifa inazohitaji, na wakala huchagua la kufanya kwa kusoma hayo. Karani mgeni akikwama humuuliza mwenzake wa meza ya pili. Wakala hana wa kumuuliza, na palipo na pengo hujaza kwa mazoea aliyojifunza kwingine.

Katika wiki ya kwanza, tukiwa bado kwenye mazingira ya majaribio, nilimwagiza wakala amrudishie mteja shilingi 35,000, naye akaandaa ombi la 3,500,000. Nilikasirika, kisha nikafungua maelezo ya zana ya kurejesha malipo na kukuta kwamba sehemu ya kiasi ilielezwa kwa maneno mawili tu: kiasi cha fedha. Mifumo mingi ya malipo duniani huhesabu kwa senti, hivyo wakala alizidisha kwa mia, akiwa hana namna ya kujua kwamba hapa kwetu senti haitumiki na kwamba huduma hii inataka shilingi kamili. Niliandika upya mstari ule hivi: “Kiasi kwa shilingi kamili za Uganda, bila senti na bila alama ya kutenga maelfu, shilingi elfu thelathini na tano iandikwe 35000.” Tangu siku hiyo kosa lile halijarudi.

La saa lilituumbua mbele ya wateja. Ujumbe wa kuwaarifu watu wa Arua kwamba mzigo ungewasili saa moja asubuhi ulipangwa utoke saa kumi na mbili, lakini maelezo hayakusema kwamba zana husoma saa za UTC, yaani saa za marejeo za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Ujumbe ukatoka saa tatu, na mzee mmoja akanipigia simu: “Ndugu yangu, mzigo nimeshauchukua, nimeshakunywa na chai, ndipo mnaniambia niende stendi?” Sikuwa na jibu. Ikabidi pia nieleze kwamba mteja akiandika “saa moja” kwa Kiswahili, au akihesabu saa kwa Kiganda, anamaanisha saa 07:00 au 19:00 na kamwe si 01:00.

Ujumbe wa hitilafu ulikuwa dhaifu kuliko yote. Namba ya simu iliyoanza na sifuri ilikataliwa kwa neno “batili” bila sababu, na wakala akairudia vilevile mara tano kabla ya kukata tamaa. Niliwaandikia mafundi wao, nao, kwa haki yao, walibadilisha ndani ya siku chache. Sasa jibu linasema kwamba namba ianze na 256, iwe na tarakimu 12 na isiwe na alama ya kujumlisha, na wakala huirekebisha mwenyewe kwa jaribio la pili. Laiti wangetenganisha pia zile zana mbili za kutafuta mteja, ambazo majina yake yanafanana kiasi kwamba hata mimi huzichanganya.

Bei sina malalamiko nayo. Atakayeijaribu atenge siku mbili au tatu za kuandika upya maelezo ya zana kabla ya kuruhusu fedha halisi zipite, hasa kuhusu vipimo, saa, na nini kifanyike jibu linapochelewa, kwa maana kuna mteja wetu aliyepokea ujumbe uleule mara tatu kwa sababu wakala alidhani kimya ni kushindwa. Nimelipia miezi mingine mitatu. Zana ya kurejesha malipo, hata hivyo, bado nimeifungia: wakala huandaa ombi, na anayebonyeza kitufe ni karani.