Watamu kwa miguu: maji matamu, soja shubiri

Sikuwa na mpango wa kuandika chochote juu ya Watamu, huku pwani ya Kenya, maana kila mtu ashaandika, picha za vile visiwa vya mawe vilivyoliwa na maji kwa chini zimejaa kila mahali na bei za hoteli mtajitafutia wenyewe. Mimi nina neno moja tu, njia. Ile njia ya mchanga inayopita katikati ya kuta mbili kutoka barabara ya lami mpaka bichi, na yule soja, mlinzi wa hoteli, aliyekaa mwisho wake kwenye kiti cha plastiki kana kwamba bahari kaizaa yeye.

Lakini ngoja kwanza, nisije nikadhulumu, kwa sababu safari yenyewe ilianza vizuri mno. Nilikuwa na mama mdogo wangu, yeye kazaliwa hukohuko Gede na ndiye aliyesema tutembee, gari la nini na miguu tunayo. Magofu ya Gede tuliyapita asubuhi kabla jua halijakaza. Kama hujaenda tangu ile safari ya shule ya msingi rudi bana, mwaka 2024 UNESCO waliyaingiza kwenye urithi wa dunia ila kima wa pale hawana habari hiyo, ukizubaa ndizi imekwenda. Msikiti, kasri, visima, makaburi, mji mzima wa mawe umekaa ndani ya msitu na kuna kivuli cha kukufanya usahau kama uko Pwani. Hapo sina lawama, vijana wa pale wanajua historia na wanaongea na wewe vizuri.

Msitu wa Arabuko Sokoke tulikuwa tumeingia jana yake, tena kidogo tu, na nilimuona sange yule mwenye makalio ya rangi ya dhahabu akikata njia mbio, yaani sekunde chache, mpaka leo nikihadithia nyumbani wananicheka ati niliona panya. Panya gani ana pua ndefu vile? Twende mbele.

Mida, lile hori la mikoko, ndiko nilikofurahi zaidi. Lile daraja la mbao na kamba linalopita juu ya mikoko linayumba ukilikanyaga, na ukiwa na mtu anayejua miti hutaki kufika mwisho. Mama mdogo anaonyesha tu kwa kidole, huu mkoko, huu mkandaa, ule wenye vijiti vinavyochomoza kwenye tope ni mchu, nyumba ya babu yenu boriti zake zilitoka humu zamani kabla kukata hakujakatazwa. Maji yalikuwa yamepwa, chini kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanalipunga tu bila sababu, na mbali kwenye tope ndege wale wanaokuja kutoka Ulaya wakati kwao baridi. Watu wanauliza kama mtu anaweza kuogelea Mida. Anaweza, maji yakijaa na kutulia. Yakianza kutoka usithubutu kukaribia mlango wa hori, maana maji yote ya ndani yanatokea pale pale na mkondo wake si wa mchezo, hasa siku za bamvua ambapo maji ya huku yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Hili hakuna kibao kinachokwambia, utaambiwa na wavuvi ukiwasalimia vizuri.

Sasa. Tukatoka kule kuelekea baharini tuogelee, na mama mdogo akasema ananipitisha njia yake ya utotoni, walikuwa wakiipita na mamake kwenda kutafuta pweza maji yakipwa sana. Na kweli njia ipo, haijafa, ila kushoto ukuta, kulia ukuta, bogenvilia zimening'inia, na mwisho wake wamefunga geti la mabati limeandikwa PRIVATE kwa rangi nyekundu iliyochuruzika kwenye herufi ya mwisho. Kufuli limeliwa na chumvi. Pembeni yake soja na redio yake.

Hatujafika tukasikia, "Mnaenda wapi?"

Hakuna hujambo, hakuna karibuni, hata shikamoo kwa mtu mzima mwenye mvi. Mama mdogo ndiye akamwamkia, "Hujambo mwanangu, twashuka baharini." Jibu lake, hapapitwi, ni mali ya mtu, zungukeni kule mbele. Kule mbele wapi? Akaonyesha kwa kidevu. Saa sita ile, mchanga unachoma, kule mbele maana yake turudi mpaka lami tutembee tena mpaka kijijini.

Mimi nikaanza kubishana, nakubali mdomo wangu si mfupi. Nikamwambia katiba ya 2010, kifungu cha 62, ardhi yote iliyo kati ya maji yanapojaa na maji yanapokupwa ni ya umma, si ya hoteli, si ya mtu. Akacheka. Akasema, "Basi pitia kwenye hiyo katiba yako." Na niwaambie ukweli, hapo ndipo wanapotukamatia. Ufuo ni wako, mchanga uliolowa ni wako, sheria iko upande wako kabisa, lakini ili uufikie unavuka ploti ya mtu na ploti ina geti. Sasa haki ya kuogelea bila njia ya kufikia maji nitaifanyia nini, niitundike ukutani?

Bado tunavutana wakatokea Wazungu wawili nyuma yetu, mume na mke, kandambili na taulo begani. Yule bwana aliyekuwa hawezi kuinuka kwenye kiti kwa ajili ya mwanamke wa umri wa nyanyake akaruka, kofia kavua, "Ciao! Buongiorno!" na geti hilooo likafunguka pande zote mbili. Hakuwauliza wanatoka wapi. Hakuwauliza wanalala hoteli gani. Watu wale wenyewe sina ugomvi nao, walitusalimia kwa Kiswahili chao cha jambo jambo wakapita. Nikafuata nyuma yao, akaweka mguu.

"Hao ni wageni," akasema.

"Na sisi?"

"Nyinyi ni watu wa hapa."

Narudia mnisikie. Sababu ya kunyimwa njia ya hapa ni kwamba sisi ni watu wa hapa. Alisema bila hata kupandisha sauti, kama mtu anayekueleza duka hufungwa saa ngapi. Nimeshatukanwa Mombasa na makondakta, na watu wa ofisini, na wapangaji wenzangu, na hakuna lililonikaa kooni namna hii.

Mama mdogo hakubishana. Alimtazama kwa muda halafu akamsemesha Kigiriama, akimuuliza yeye ni mwana wa nani na mji wao uko upande gani, na kijana akashusha macho akaanza kuihangaikia redio, kumbe ni wa hukohuko, anajua kila neno. Najua mshahara wa soja ni kitu gani, najua akifungulia watu kesho kazi hana, amri si yake, mwenye hoteli amekaa zake kwenye kiyoyozi na hata jua la pale getini halijui. Hayo yote nayajua na nilitaka kumhurumia. Lakini salamu inalipiwa shilingi ngapi? Nani alimkataza kusema "shikamoo mama, samahani, leo njia imefungwa"? Ile buongiorno aliitoa wapi?

Tukazunguka. Kwa hasira niliyokuwa nayo nilishaanza kutunga kichwani maneno ya kuwaambia watu msiende Watamu, kaeni kwenu, nendeni Nyali, nendeni popote. Halafu tukafika ufuo wa kijijini, ule wa wavuvi, na jamani nitasema nini. Hakuna geti, hakuna kiti cha plastiki. Watoto wanarushana majini, vijana wanapaka mashua, mama mmoja anakaanga viazi vya karai chini ya mvinje na ukwaju wake ulikuwa mkali vizuri, mimi ni mtu wa ukwaju. Tuliingia na madera yetu na leso na hakuna aliyegeuka kututazama. Maji yalikuwa yanarudi polepole, yamepita kwenye mchanga uliopigwa na jua tangu asubuhi kwa hiyo ya juu yamepata moto na ya chini baridi, ukisimama kifuani una majira mawili mwilini. Mchanga mweupe mpaka unaona kucha zako. Maji yakipwa kabisa unaweza kutembea mpaka kwenye vile visiwa vya mawe, kwenye vidimbwi mna samaki wadogo wa buluu wamekwama wanasubiri bahari iwafuate, ila vaa viatu, kuna wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu na ukimkanyaga mmoja likizo imekwisha.

Nendeni kaskazi. Hilo nalisema kwa moyo mmoja, kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, maji yametulia na unaona chini. Wakati wa kusi upepo unasukuma mwani ufuoni, unanuka, na maji yanachafuka, watu wanakuja wanalaumu Watamu bure. Na kuanzia kwenye ghuba zile na miamba yake ni hifadhi ya bahari, tangu 1968, kwa hiyo ukitaka kupanda mashua ukaangalie samaki kuna tiketi ya kulipa, ulizia mapema usije ukalipa mara mbili kwa mtu wa bichi aliyejipa cheo.

Sasa jioni mama mdogo akasema turudi kwa pwani, si kwa lami. Tukafuata mchanga uliolowa, maji kwenye vifundo, tunapita mbele ya mahoteli, vitanda vya jua vimepangwa, miavuli, mpaka tukafika nyuma ya lile geti letu kwa upande wa bahari. Soja akatuona. Akasimama. Mama mdogo akakunja dera lake, akaketi chini pale pale majini, chini ya mstari wa maji kabisa, mbele ya wageni wake wote, akaanza kunawa miguu. Ananawa mguu mmoja, anausugua kisigino kwa mchanga, anautazama, anaurudia. Mimi nimekaa kando yake nacheka mpaka mbavu zinauma. Yule kijana alikuja mpaka pale mchanga mkavu unapoishia akasimama na firimbi yake mkononi, na hakuipiga.

Hoteli siitaji, wanaoishi huko mtaijua kwa rangi ya geti. Maksi basi, maana najua mtauliza. Magofu na Mida nawapa zote. Maji ya kijijini nayo zote, na viazi vya karai na ukwaju wake. Watamu kwa jumla ningewapa nne kwa tano, hapana tatu, kwa sababu nikiwa ninaandika hapa bado lile neno "nyinyi ni watu wa hapa" linanipandisha damu, na mtu asiniambie ati ni soja mmoja tu, mageti kama lile tumeyaona mengi tukitembea, lile letu ndilo lilikuwa na mtu wa kuongea. Haya nne. Mbili kama mnapita njia ya kwenye kuta. Mama mdogo ashasema bamvua lijalo anakuja na dada zake wote na fimbo za pweza, na wataanzia getini.