Uzoefu wangu na Koko, Yum Yum na mwandishi wa habari mwenye masharubu

Nimemaliza vitabu vinne vya mwanzo vya mfululizo wa The Cat Who wa Lilian Jackson Braun na sasa nimo ndani ya cha tano. Niseme mapema kwamba sijapenda riwaya za upelelezi kiasi hiki kwa miaka mingi, na kinachonishika ni jinsi mwandishi alivyowaacha paka wake wabaki paka. Hawasemi, hawavai kofia, hawafikirii kwa maneno. Wanakula, wanalala, wanaangusha vitu, na katikati ya hayo muuaji anajulikana.

Mpelelezi ni Jim Qwilleran, mwanamume wa makamo mwenye masharubu mazito. Zamani aliripoti uhalifu katika miji mikubwa ya Marekani na akapata jina, kisha ndoa ikavunjika na pombe ikamwangusha. Kitabu cha kwanza, The Cat Who Could Read Backwards cha mwaka 1966, kinamkuta akianza upya kwenye gazeti liitwalo Daily Fluxion. Anapangiwa kuandika habari za sanaa, fani asiyoijua hata chembe. Mhakiki wa sanaa wa gazeti hilo, Mountclemens, ana kalamu kali iliyompatia maadui kila penye picha ukutani. Huyo ndiye anayempangisha Qwilleran sehemu ya chini ya nyumba yake, na ndiye mwenye paka wa Siam aitwaye Kao K'o-Kung, kwa kifupi Koko. Haupiti muda mrefu kabla watu hawajaanza kufa. Namna Koko anavyoishia mikononi mwa Qwilleran sitaieleza, maana ni sehemu ya utamu.

Koko ana tabia ya kupitisha pua juu ya vichwa vya habari gazetini, akianzia kulia kwenda kushoto. Katika kitabu cha pili anachomeka kucha kwenye kamusi kubwa, Qwilleran anafungua ukurasa huo na kusoma maneno ya juu, na wawili hao wanaugeuza kuwa mchezo wa jioni. Katika cha nne anakanyaga vibonye vya taipureta. Kila mara una njia mbili za kuelewa: paka anacheza tu kama paka wengine, au kuna jambo analolijua. Braun haamui ugomvi huo. Ametuachia sisi na Qwilleran, ambaye masharubu humsisimka kila anapohisi mambo hayako sawa, lakini bado ni lazima avae koti, atoke, akaulize watu.

Hapo kwenye kuuliza ndipo vitabu hivi vilinikamata hasa. Nimefanya kazi ya habari redioni, na sijakutana na riwaya nyingi zinazoonyesha vizuri hivi jinsi mwandishi wa habari anavyopata jambo. Qwilleran hana bastola wala pingu, na hana mamlaka ya kumlazimisha mtu aseme. Anachokuwa nacho ni sababu ya kubisha hodi: anaandika makala. Mchoraji anataka picha yake itajwe, mpamba nyumba anataka kazi yake ionekane, muuza vitu vya kale anataka wateja. Basi wanamkaribisha, wanamwekea kiti, wanazungumza. Naye anajua kunyamaza na kumwacha mtu ajaze ukimya mwenyewe. Mwaka wa kwanza kazini mhariri wangu alinifundisha jambo hilohilo, na nililiona likifanya kazi pale polisi waliposhindwa kupata neno. Ningekuwa nafundisha vijana uandishi wa habari, ningewapa kitabu cha kwanza wakasome mahojiano yake tu.

Kwamba mambo haya yameandikwa kwa uhakika si ajabu. Braun mwenyewe alifanya kazi katika gazeti la Detroit Free Press kwa takriban miaka thelathini, upande wa makala za nyumba na mapambo, hadi alipostaafu mwaka 1978. Ndiyo maana hadithi zake zinapita kwa wachoraji, wapamba nyumba na wauza samani za kale, watu aliowaandikia habari kila siku. Nilimkumbuka Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyetupa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, kwa kuwa naye alikuwa mhariri kabla na wakati wa kuandika riwaya zake. Kuna aina ya upelelezi inayotoka chumba cha habari, inayoamini kwamba maneno ya watu, ukiyasikiliza kwa subira, yatagongana yenyewe. Wote wawili wanayo.

Na chanzo cha paka ni cha huzuni. Braun alikuwa na paka wa Siam aliyeitwa Koko, akaanguka kutoka ghorofa ya 10 akafa, na baadhi ya majirani walidhani alisukumwa. Uchungu huo ukazaa hadithi fupi iliyotoka mwaka 1962 katika jarida la Ellery Queen, na baada yake riwaya. Nilipolijua hili nilirudi kusoma upya kurasa za Koko dirishani.

Vitabu hivi nilivisoma mama akiwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, haruhusiwi kuinama wala kukaza macho. Kiingereza hakifuatilii, kwa hiyo jioni nilikuwa namsimulia kwa Kiswahili sura niliyosoma mchana. Ni kipimo kizuri cha riwaya ya upelelezi, kwa sababu msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Dokezo ama limo ama halimo. Katikati ya kitabu cha pili alinisimamisha. "Mwanangu, huyo uliyemtaja jana, mbona humtaji tena?" Nilikuwa nimemhesabu kuwa mpita njia. Siku chache baadaye nilijua kwa nini mama alimshika. Kwa hiyo naweza kusema kwa moyo mmoja kwamba Braun hamdanganyi msomaji. Aliyekaa macho atafika.

Mama alimpenda zaidi Yum Yum, paka jike mdogo anayeingia katika kitabu cha pili, ambaye hana kipaji cha kufumbua mauaji ila ana mkono mwepesi wa kuiba vitu vidogo vinavyong'aa. Mimi kwangu ni Koko. Yeye akikataa chakula, nyumba nzima inasimama mpaka sababu ipatikane.

Kati ya vinne hivyo, ninachokiweka juu ni The Cat Who Saw Red cha mwaka 1986. Qwilleran anatakiwa apunguze uzito, na wiki hiyohiyo gazeti linamkabidhi safu ya chakula. Anahamia jengo la wafinyanzi na walaji hodari, anamkuta mwanamke aliyempenda ujanani, kisha mwanamke huyo anatoweka. Kuna uchungu wa kweli humo. Mwanamume aliyejifunza kuishi peke yake anakumbushwa maisha ambayo angeweza kuyapata, na hana wa kumweleza ila paka wawili. Kati ya kitabu hicho na cha tatu ilipita miaka 18, ladha ya soko ikiwa imegeukia damu na ngono. Nadhani kungoja kulimfaa mwandishi, kwa maana cha nne kina uzito ambao vitatu vya kwanza havina.

Kasoro zipo. Miisho huharakishwa: unatembea polepole kurasa mia mbili, halafu muuaji anafichuka na kila kitu kinafungwa kwa kurasa chache. Ukitaka maiti zielezwe kwa undani au kufukuzana kwa magari, hapa utachoka. Kitabu cha tano kinampeleka Qwilleran kaskazini, Moose County, na baadaye anarithi utajiri mkubwa mno kwa sharti la kuishi mji mdogo wa Pickax kwa miaka mitano. Mji huo umechorwa kwa upendo, kila mtu anamjua mwenzake na umbea unafika kabla ya gazeti. Lakini mtu asiyehangaikia kodi ya nyumba hana presha ileile ya mwandishi anayeingojea hundi yake, na hilo linapunguza makali. Nilionja pia viwili vya miaka ya 2000. Upelelezi umekonda, karamu na mazungumzo vimejaa, na fumbo linaachwa bila kufunguliwa sawasawa. Mfululizo una riwaya 29, ya mwisho ikiwa ya 2007, na Braun alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 97. Sioni haja ya kuzinunua zote.

Kiingereza chake ni chepesi, sentensi fupi, mazungumzo mengi. Kidato cha nne anayependa kusoma atavimudu, ingawa majina ya samani na mitindo ya sanaa yatamrudisha kwenye kamusi mara kadhaa. Hakuna matusi wala mambo ya kumficha mtoto wa umri huo. Nakala zangu za karatasi nilizipata kwa wauza vitabu vya mitumba. Angalia kurasa za mwisho kabla ya kulipa, kwa sababu kitabu cha upelelezi kisicho na karatasi ya mwisho hakina maana. Toleo la kusikiliza linalosomwa na George Guidall nalo ni zuri: sauti yake ina uchovu na upole unaomfaa Qwilleran, na halazimishi kuigiza milio ya paka.

Anza na cha kwanza, kisha fuata mpangilio hadi cha nne, kwa sababu maisha ya Qwilleran yanaendelea kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Ukipata kimoja tu dukani, chukua cha nne. Mama ameshaondolewa dawa za macho na anaona vizuri, ila bado anataka asimuliwe, kwa hiyo natafuta cha sita.