Be My AI: Tathmini ya Huduma ya Kuwaelezea Picha Wasioona

Be My Eyes ilianza kutumika mwaka 2015. Ni programu ya simu iliyobuniwa na Hans Jørgen Wiberg, raia wa Denmark mwenye uoni hafifu, ili kumuunganisha mtu asiyeona, kwa njia ya video, na mtu anayeona aliyejitolea kumsaidia kwa dakika chache. Mwaka 2023 iliongezewa sehemu iitwayo Be My AI, iliyoanza kwa kutumia GPT-4, mfumo wa akili mnemba wa kampuni ya OpenAI, kueleza kwa maandishi picha aliyoipiga mtumiaji, na maandishi hayo husomwa kwa sauti na simu yenyewe. Sehemu hiyo ndiyo ninayoitathmini hapa, nikitazama zaidi jinsi inavyozingatia mipaka yake kuliko wingi wa mambo inayoyaweza.

Katika shughuli za kawaida za nyumbani huduma hii inafaa sana. Ukiipa picha ya friji iliyo wazi, hukueleza kilichomo na mahali kilipo, kisha unaweza kuendelea kuuliza upendavyo. Inaweza pia kuulizwa kama soksi mbili ni za jozi moja, au shati lipi linaendana na suruali ile. Maswali madogo kama haya mtu huona haya kumuuliza binadamu mwenzake, hasa usiku wa manane, na nadhani kuweza kuyauliza bila kujiona mzigo kwa yeyote ni faida kubwa kuliko hata ubora wa maelezo yenyewe.

Hatari yake nayo si ndogo. Akili mnemba ya aina hii huweza kutaja kitu ambacho hakimo kabisa kwenye picha, tena kwa ufasaha uleule inaoutumia kueleza kilichomo. Anayeona atalitambua kosa hilo mara moja, lakini asiyeona, ambaye ndiye aliyetengenezewa huduma, hana cha kulinganisha nacho. Katika ripoti ya usalama ya Septemba 2023, OpenAI ilieleza wazi kwamba watu walioijaribu huduma waliripoti makosa ya namna hiyo, likiwemo la kutajiwa kwa uhakika chakula ambacho hakikuwamo kwenye menyu. Ndiyo maana watumiaji huonywa wasiitegemee kusoma maelekezo ya dawa, kukagua viambato vya chakula kwa ajili ya mzio, wala kuvuka barabara. Onyo hilo ni la haki, ila onyo la jumla husahaulika kadiri majibu sahihi yanavyozidi kumjengea mtu imani, na lingefaa zaidi likitolewa palepale pakiti ya dawa inapopigwa picha.

Ninachokisifu bila kusita ni kwamba binadamu hakuondolewa. Maelezo ya mashine yakiwa hayatoshi, mtumiaji anaweza kumpigia mtu wa kujitolea kupitia programu ileile, wakati ambapo huduma nyingi zikishapata mashine humficha mhudumu nyuma ya menyu zisizoisha. Aidha, majaribio yalianza na kundi la watu wapatao 200 wasioona au wenye uoni hafifu, likaongezeka hadi kufikia 16,000 Septemba ileile, kwa hiyo walioijaribu ni walewale ambao kosa lake lingewaumiza.

Suala la nyuso ni gumu zaidi. Katikati ya mwaka 2023 huduma iliacha kwa muda kueleza sura za watu kwa sababu za faragha, na baadhi ya watumiaji walilalamika kwamba wananyimwa taarifa ambayo kila anayeona huipata bure. Kwa maoni yangu, mashine haipaswi kumtambulisha mpita njia kwa jina, lakini kueleza kwamba aliye mbele yako anatabasamu au amekunja uso hakuwezi kumdhuru yeyote.

Wasioona hawalipi chochote. Hata hivyo, picha haichakatwi ndani ya simu bali hutumwa kwenye seva za mbali, na barua ya benki hubeba namba ya akaunti pamoja na jina la mwenyewe. Kwa nguo, friji na mandhari ninaipendekeza huduma hii bila wasiwasi. Kwa nyaraka nyeti ningemshauri mtumiaji asome kwanza masharti ya faragha, au amwombe mtu anayemwamini amsomee.