Programu ya simu inayotambua ndege kwa sauti: uzoefu wangu hapa Diani

Programu yenyewe ni ya bure. Ukishapakua orodha ya ndege wa eneo lako, haihitaji intaneti tena. Unabonyeza kurekodi, mchoro wa sauti unakimbia kwenye kioo, na majina yanajitokeza chini yake.

Kwa shore haikosei. Ila shore, kusema kweli, hana haja ya programu. Anakaa kileleni waziwazi, kichwa cheusi chenye kishungi kidogo, manjano chini ya mkia. Huanza kelele kabla jua halijachomoza, na papai likiiva yeye ndiye wa kwanza kufika.

Mtihani ni kurumbiza, yule wa rangi ya chungwa mwenye mabawa ya kijivu-buluu. Kumwona ni kazi, maana huimba akiwa ndani ya kichaka, zaidi alfajiri na magharibi, tena ni mwigaji hodari. Asubuhi moja simu iliniandikia furukombe, yule tai mla samaki, kisha kekeo mwenye kifua chekundu, kisha furukombe tena, wote kutoka ua mmoja wa michongoma. Furukombe gani wa kujibanza kwenye michongoma? Furukombe huita kutoka mti mrefu karibu na maji. Kekeo naye hushikilia sauti zake tatu zinazoshuka, akazirudia mpaka uchoke wewe. Kurumbiza hatulii: anaiga huyu, anamwacha, anaruka kwa mwingine, na katikati huchomeka mlio wake mwenyewe wa sauti mbili, juu na chini, kama bembea. Ukiusikia huo, kaa kimya usitikisike. Mara nyingi atashuka chini kupekua majani makavu akitafuta wadudu, na hapo utamwona vizuri.

Kwa hiyo jina linalotokea kwenye kioo mimi nalichukua kama fununu tu, halafu naangalia ndege yuko wapi na anafanya nini.

Rekodi mapema, kabla upepo wa kusi haujachachamaa na bodaboda hazijaanza. Kunguru wakiingia, umekwisha. Zihifadhi rekodi, utazilinganisha baadaye. Lakini usimpigie ndege sauti yake tena na tena ili atoke: atadhani mpinzani kavamia eneo lake, aache kula aanze kumtafuta.

Nimeipa nyota nne. Ya tano itapata siku itakapoandika majina kwa Kiswahili.