Nilijaza insulesheni kwenye ukuta wa tofali, unyevu ukaingia mpaka kabatini

Yani ningejua ningeanza na gata. Nyumba yetu ni ya zamani, kuta za nje zimejengwa mbili mbili, tofali la nje na la ndani na katikati kuna uwazi wa kama sentimita 5 hivi, na baridi yake mnaijua nyie mliokaa nyumba za hivo, ukiegemea ukuta ni kama umeegemea friji. Kwa hiyo kampuni ilivyokuja kutuambia tujaze ule uwazi sikubisha sana.

Kazi yenyewe wala haikumaliza siku. Wanatoboa vitundu na drili kwenye mota (ule mchanganyiko unaoshikanisha tofali), wanaingiza mpira, mashine inapuliza sufi ndani, ndio hiyo insulesheni ya kuzuia baridi, wanaziba, wanaondoka. Usafi siwezi kuwasema vibaya, hata vumbi walifagia. Na miezi ya kwanza raha tu, joto linakaa ndani, nikawa nawasifia kwa kila mtu, aibu yangu.

Alafu zikaanza mvua za upepo. Ukuta unaopigwa na mvua ni wa chumba cha kulala, ikatokea alama ya duara juu ya swichi kama mtu kabandika sahani iliyolowa, jua likiwaka inafifia, mvua ikirudi na yenyewe hiyo. Nikapaka rangi (msinicheke) ikatoka mapele ikabanduka. Siku nimevuta kabati nitoe viatu vyangu vya ngozi nakuta vimeota manyoya ya kijani na ukuta wa nyuma mweusi tii kwa ukungu.

Nikawapigia wale wale. Jibu: ni unyevu wa pumzi zenu, fungueni madirisha. Sawa, nyuma ya kabati hewa haizunguki, hilo sikatai, ila pumzi gani hiyo inasubiri mvua inyeshe? Akaja fundi mwingine na kile kidude cha kupima unyevu cha sindano mbili, kikalia, akasema maji yanapanda kutoka ardhini tuchome dawa ukutani. Sasa maji ya ardhini yanaanzia chini na mara nyingi hayavuki mita 1, alama yangu iko usawa wa kichwa na huku chini pakavu kabisa. Dawa gani.

Wa tatu ndio mtu. Alitoka nje kwanza akaangalia gata, akakwangua mota kwa ufunguo wa gari lake ikamwagika kama unga. Ndio akaingiza kamera ya waya kwenye tundu tukachungulia wote: kwenye vile vyuma vinavyoshikanisha kuta mbili, wajenzi wa zamani walidondosha mota ikagandia pale pale, na chini kabisa vifusi vimejaa. Akanielewesha kwamba tofali la nje kupitisha maji kidogo ni kawaida yake, ule uwazi uliachwa makusudi ili maji yateremkie humo yasifike ndani. Ukiujaza sufi wakati mota ya nje imekufa na gata linavuja, umeyatengenezea maji daraja. Hao wa mwanzo walitakiwa wachungulie hivo kabla ya kupuliza chochote. Hawakuchungulia.

Tukaitoa kwenye ukuta ule mmoja, na kutoa ndio shughuli, wanang'oa tofali kadhaa chini alafu wanasukuma hewa mpaka sufi imwagike nje. Nilishika bonge moja nikaliminya, maji yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko kama nakamua dekio. Gata tukabadilisha, mota ikakwanguliwa ikajazwa upya, ukuta ukaachwa miezi ukauke ndio tukapiga lipu mpya. Kuta zingine sufi ipo mpaka leo na ni kavu, kwa hiyo bidhaa siilaumu sana.

Nyota 2. Moja ya joto, moja ya kufagia. Kama nyumba yako ina ukuta unaokula mvua ya upepo, muulize fundi kamera iko wapi, akisema haina haja mfungulie mlango aende. Viatu nilijaribu kuvisugua, vikashindikana, nikatupa.