Lichess kwa uchambuzi wa sataranji: kitabu cha ufunguzi ni hazina, injini isubiri

Kwa anayetaka kuchambua michezo ya mabingwa bila kulipa, tovuti ya sataranji ya Lichess ndiyo ya kwanza kuipendekeza. Haina matangazo, na hakuna chombo cha uchambuzi kilichofungiwa malipo. Hapa imepimwa kwa mchezo wa 6 wa pambano la ubingwa wa dunia, Reykjavik, 1972, Fischer akiwa na nyeupe dhidi ya Spassky.

Fungua sehemu ya Study, anzisha sura mpya, kisha bandika hatua za mchezo kwa mfumo wa PGN, yaani maandishi ya kawaida ya kurekodi hatua. Mfumo huu unasoma herufi za Kiingereza tu: Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Ukiandika F kwa farasi, mchezo unakatika hapo hapo.

Injini, yaani programu inayokokotoa hatua bora, iache imezimwa. Bonyeza alama ya kitabu cha ufunguzi (orodha ya hatua zilizowahi kuchezwa), chagua michezo ya mabingwa, usogee hatua moja moja. Fischer, mtu wa 1.e4 karibu maisha yake yote, alianza 1.c4, kwa hiyo jina la kwanza utakaloona ni la ufunguzi wa Kiingereza. Baada ya 3.d4 jina linageuka kuwa Gambiti ya Malkia iliyokataliwa, na 7...b6 (nukta tatu ni hatua ya nyeusi) inaleta mkondo wa Tartakower, silaha ya Spassky mwenyewe. Kitabu hutambua mkao wa kete bila kujali njia iliyoufikia, na huo ndio ubora wake mkubwa.

Simama kwenye 14.Bb5. Bonyeza X kwenye kibodi uone tishio, kisha uzime tena injini, maana X huiwasha. Spassky alijibu 14...a6, lakini askari huyo hawezi kumla askofu: malkia yuko a3, na ngome ya a8 haina mlinzi. Ndiyo maana ikabidi 16...Ra7. Sasa rudi hatua ya 14 ujaribu 14...Qb7, jibu ambalo bingwa Geller alilitumia kumshinda mwenzake Timman mwaka 1973. Kwa mkao wa nadra kama huu usiamini asilimia za ushindi. Tazama kwanza ni michezo mingapi iliyozizaa, kisha ifungue yenyewe.

Udhaifu uko kwenye kipimo cha injini. Kwenye 20...d4 kitakuonyesha namba, si sababu. Sababu ni kwamba askari wa d5 ameachia mshazari wa c4 hadi g8: Fischer anasukuma f4 na e5, askofu anakaa c4, na askari weusi wa c5 na d4 wanabaki wamekwama. Vivyo hivyo hatua 33 hadi 36. Malkia mweusi anatangatanga kati ya d8 na e8 huku nyeupe ikipanga kete kwa utulivu, mpaka ngome inakula farasi kwa 38.Rxf6. Anayefuata kipimo peke yake ataruka sehemu tamu kuliko zote. Andika maelezo yako kwanza, ndipo uwashe injini ikukosoe.

Kwenye simu injini hula betri na kuipasha moto, basi chagua iliyo ndogo kwenye orodha na uonyeshe mistari miwili tu. Pia kitabu cha mabingwa kinaanzia 1952: michezo ya mabingwa wa kabla ya hapo, kama Morphy au Capablanca, utaibandika mwenyewe.