Apple Watch Ultra baharini: kuogelea iko poa sana, kuzamia ina masharti yake

Kila nikitoka majini kuna mtu ananiuliza hiyo saa inaingia maji kweli au mbwembwe tu, haya leo nimeandika nikiulizwa tena natuma hii. Yangu ni Apple Watch Ultra, ile ya kwanza kabisa ya 2022, nilichukua used kwa jamaa aliyehamia toleo jipya. Naivaa Kigamboni, Mbudya, na nikivuka Unguja naingia nayo Mnemba.

Tuanze na kuogelea. Ukiwasha zoezi la kuogelea baharini kioo kinajifunga chenyewe, la sivyo maji yangekuwa yanabonyeza bonyeza mpaka yapige simu. Ukitoka unashikilia ile koki ya kuzunguka pembeni, saa inatoa mlio flani wa ajabu na ukiisogeza karibu na jicho unaona kabisa vitone vinatemwa kwenye tundu za spika, kimoja kimoja. Watoto wa pale ufukweni wanaomba irudie hiyo tu, mambo mengine hawana habari nayo.

Umbali inapima kwa GPS, sasa hapa ndo pa kuelewa. Mawimbi ya GPS hayapiti kwenye maji, kwa hiyo saa inakamata setilaiti pale mkono unapotoka juu basi. Ukiogelea kwa kurusha mikono mchoro wako kwenye ramani unakuja safi, ila ukienda mwendo wa chura mikono imezama muda wote, usishangae ramani ikakuonyesha umepita mahali hujawahi kupita. Na hii siyo ya Ultra peke yake, saa zote ndo zilivyo. Mapigo ya moyo nayo msiyategemee sana, maji yanaingia kati ya ngozi na zile taa za chini, kaza mkanda kidogo kabla hujaingia itasaidia.

Kuzamia sasa. Ukishuka kama mita moja hivi programu ya kina inaweza kufunguka yenyewe, inakupa kina ulipo, muda uliokaa chini, joto la maji na kina kikubwa ulichofika. Mwisho wake mita 40. Kwa mtu wa snokeli au wale wanaozama kwa pumzi yao hiyo imetosha na hulipi kitu. Ukivaa mtungi wa hewa mambo yanabadilika, maana pale huhitaji kina tu, unataka kujua umebakiza dakika ngapi kabla naitrojeni haijajaa mwilini, na kazi hiyo inafanywa na programu nyingine inaitwa Oceanic+. Ya bure inaishia kina na muda, hesabu zenyewe unalipia. Ukilipia ni nzuri jamani, ukipanda haraka inakutikisa mkono, na ukifika mita 5 inakuhesabia zile dakika 3 za kusimama ili naitrojeni ipungue mwilini kabla hujatoka juu. Kioo cha kugusa chini hakikusaidii, unatumia koki na kile kitufe cha rangi ya chungwa, ambacho hata ukiwa na glavu unakipata.

Pamoja na hayo yote mimi Mnemba navaa hii kushoto na kulia nafunga kompyuta ya kuzamia, kile kifaa cha mkononi cha kuhesabu kina na muda, ya pale kituo cha wazamiaji. Saa hiyohiyo imepokea meseji tangu alfajiri, imepima usingizi, chaji imeshakwenda, halafu ndo uikabidhi uhai wako mita 18 chini? Hapana.

Kitu kinachoniudhi ni wauzaji. Kuna duka Kariakoo nilimsikia kijana anamwambia mteja "kaka hii imeandikwa 5ATM, zama nayo mpaka mita hamsini", saa ya kawaida kabisa. Siyo hivyo wakuu. Hiyo 5ATM, yaani mita 50, ni presha ya kipimo cha kiwandani, maji yametulia, siyo ruhusa ya kushuka. Apple wenyewe wanasema zile Apple Watch Series, saa zao za kawaida za mita 50, ni za maji mafupi, msizamie nazo na mtungi, na Samsung nao Galaxy Watch zao wanakataza kuzamia. Na uwezo wa kuzuia maji unapungua jinsi saa inavyozeeka, ukichukua used kama mimi liweke akilini.

Matunzo ni kuisuuza na maji baridi ya bomba kila ukitoka, huku unazungusha ile koki chumvi isigandie. Mkanda wa ngozi acha nyumbani.

Bei ilivyotoka ilikuwa dola 799 Marekani, kwa hiyo kama unaogelea wikiendi tu hela hiyo nyingi bure. Kama unatumia Android ndo usihangaike kabisa, bila iPhone haifanyi kazi. Mzamiaji wa kweli atafute saa ya Garmin Descent G1, kioo chake hakina rangi na uzuri wa kuringia hauna, ila ni kompyuta ya kuzamia hasa, vitufe vitupu, na chaji inafika saa 25 ikiwa kwenye kuzamia.